Zumari na Banda la Feni

Timbwani, Likoni
6 Februari 2024

Mwanangu Intisar,

Marahaba. Natanguliza kuitikia, maana najua shikamoo yako iko njiani na mabasi ya huko kwenu hayana haraka. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Babako alikuja Ijumaa kutoka Mishomoroni na maboga mawili, akakaa, akalia, akenda zake. Wifi yangu Mwanakombo bado yuko nami. Tangu siku tuliyomzika kaka yake hajarudi kwake. Yeye ndiye apikaye na ndiye apokeaye wageni. Kila ajaye hunishika mkono na kufumbua mdomo, nami hubahatisha. Wakiinamisha kichwa najua ni subira, wakiinua macho najua ni kudra ya Mungu. Naitikia amina kote kuwili. Kile kidude cha sikio ulichoninunulia chapiga miluzi, nimekitia kabatini. Kwa hivyo usijisumbue kupiga simu. Andika, nami nitaandika. Eda ina nafasi ya kila kitu isipokuwa kutoka nje.

Sasa jambo lenyewe. Paka wetu Zumari nusura atutoke.

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini na watu wamejilalia. Zumari akakutwa ndani ya banda la marehemu, lile la mabati pale uani alipokuwa akitengeneza feni za watu. Wewe walijua banda lile, halina dirisha. Habib alikuwa akifanya kazi mlango wazi na feni tatu zikizunguka. Bila hivyo ni tanuri. Akakutwa kinywa wazi, ulimi nje, yuwahema kama mbwa, udenda wamtoka, na akitaka kusimama miguu yapishana. Mwili wa moto hadi ncha za masikio. Maskini, kichwa chamwanga kama kilichokazwa kamba, masikio yavuma, mbele yake vimulimuli vitupu, ulimi mzito, na moyo wamdunda hata kooni.

Mwanakombo akamtazama mara moja tu, akatoa hukumu kwa mikono na macho: paka kakumbwa na jini. Akaja na chetezo, makaa yawaka, akatia ubani, akamfunika paka na chetezo pamoja chini ya shuka. Intisar, kiumbe yuwafa kwa joto naye yuwafukizwa! Na mie mwenye eda, nisiyetakiwa kunusa manukato, nimekaa kitako ukutani moshi wote wanijia mimi.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Selpher. Aliivuta ile shuka, akamlaza paka kwenye saruji chini ya mfereji, akammwagia beseni la maji ya barafu. Paka akakakamaa, akatetemeka mwili mzima. Selpher akaona amekosea, akaiacha barafu akatumia maji ya mfereji tu, huku yuwampepea kwa kipepeo cha jiko. Alipoanza kufumba kinywa, Chengo mumewe akamtia kikapuni, akampakia kwenye tuktuk yake hadi ferini, wakavuka kwa daktari wa wanyama. Wamerudi jioni, Zumari kanyolewa kiraka mguuni palipoingia sindano. Selpher si wa dini yetu wala si wa ukoo wetu, lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Huko Turkana joto lenu ni babu wa letu. Waulize wenye mifugo: paka aliyepikwa akaepuliwa, aangaliweje?

Shangazi yako,
Mishi


Shuleni, kusini ya Lodwar
21 Februari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, hata kama umeshaiitikia. Barua yako imekuja na lori la maji, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Mimi mzima. Darasa langu lina wanafunzi ambao siwezi kuwapa madawati wote, wa nyuma wanakaa juu ya mawe na wanasoma vizuri kuliko wa mbele. Mvua hatujaiona. Usiku natoa godoro nje, nalala natazama nyota, namkumbuka Ami Habib akisema kwamba lau Mungu angemuuliza yeye, angeweka feni juu mbinguni. Nimelia nilipofika pale ulipolitaja banda. Mliponilea nyinyi wawili, nilifanya hesabu zangu zote mbele ya mlango ule nikipulizwa na feni za watu.

Nimeuliza kama ulivyotaka. Yupo daktari wa mifugo hapa, Nyale, kwao ni Msambweni. Amesoma yale uliyoandika ya ubani, akacheka hata akatoa miwani, halafu akaacha kucheka. Anasema Selpher amemwokoa paka. Barafu haifai kwa sababu mishipa ya ngozini hujifunga, joto likabaki limefungiwa ndani. Yafaa maji ya kawaida, apakwe tumboni, makwapani, chini ya nyayo na masikioni, kisha apigwe upepo. Upepo juu ya manyoya yaliyolowa ndio dawa yenyewe. Asifunikwe nguo ya maji ikaachwa juu yake, maana baada ya muda nayo inakuwa blanketi. Maji ya kunywa awekewe karibu, asimiminiwe kinywani kwa nguvu.

Na neno moja amelirudia. Asiyejua huona paka amesimama na amekula, akasema amepona. Madhara ya joto hujificha ndani, kwenye figo na penginepo, yakajitokeza baadaye. Kwa hivyo mumwangalie kwa siku kadhaa: anakojoa, fizi zake zina rangi, anakula kwa hamu au anaonja tu ili mumwache?

Sasa na mimi nina swali. Banda lilifungwa kufuli mbele ya macho yangu kabla sijaondoka, na ufunguo ukaufunga kwenye pindo la leso yako. Mlango ule unafika chini, hata panya anajibana. Zumari aliingiaje? Na nani aliyemkuta?

Nakubusu mikono,
Intisar


Timbwani
5 Machi 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na Selpher pembeni yuwasoma kwa sauti ambayo siisikii, lakini napenda kuiona midomo yake. Hapa salama. Chengo kabadilisha turubai la tuktuk, ameweka jekundu, sasa aonekana toka ng'ambo. Mwanakombo kauanza mwezi wa Ramadhani kabla haujaandama: yuwaanika, yuwatwanga, yuwahesabu tende. Amenuna kidogo tangu nilipomwambia daktari wako kacheka ubani wake. Amejibu kwamba jini naye hucheka.

Zumari yuwaendelea. Ule mkojo nimeuangalia, mwanangu, mie Mishi binti Jaffar, mtoto wa mwalimu wa chuo, nimepiga magoti nyuma ya pipa kutazama mkojo wa paka. Upo, na rangi yake njema. Fizi zimerudi kuwa waridi. Kula, siku za mwanzo alikuwa akionja ili tumwache, kama alivyosema huyo Nyale, na nimeshangaa sana mtu kuyajua hayo akiwa mbali. Sasa yuwala dagaa hadi vichwa.

Nimekuwa mdadisi uzeeni. Kutwa namfuata kwa macho nijue yuwajipoza vipi. Asubuhi hulala chini ya mtungi, pale penye unyevu. Jua likipanda huhamia kizingiti cha choo. Hujilamba mwili mzima, nami nikadhani ni usafi, kumbe yuwajitia maji mwenyewe apigwe upepo. Hajasoma popote lakini somo la Nyale analijua.

Lakini kuna jambo halinielei, muulize daktari wako. Kiumbe mwenye akili yote hiyo, adhuhuri ikifika, huacha mtungi, huacha kizingiti, huenda bandani. Kule kule kulikotaka kumuua. Majuzi kaingia tena. Alianza kuhema, akalia ile sauti yake ya zumari, na waijua, ndiyo sauti pekee duniani inayonipenya masikio haya. Tukatoka. Nikampaka maji, akakaa sawa. Kwa nini arudi?

Maswali yako ya kufuli na ufunguo ni ya kipolisi, nawe ni mwalimu. Paka hupita popote. Mimi nina swali langu. Huyo Nyale umemtaja mara nyingi kuliko ulivyomtaja babako. Ni wa nani Msambweni? Ameoa? Na barua yangu aliisomaje, uliisoma ukamsimulia, au mlikaa mahali pamoja mkaisoma nyote wawili? Mficha uchi hazai, mwanangu.

Shangazi yako


Shuleni
17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Ramadhani njema. Barua hii sikuipa lori wala basi. Ameichukua Nyale, ana likizo na anapitia Likoni kwenda kwao. Nimemwambia asilale njiani.

Nitaanza na langu, ili usiseme nimekudai bila kulipa. Tulikaa mahali pamoja tukaisoma sote wawili. Hajaoa. Ni wa kina Nyale wa karibu na msikiti wa pwani pale Msambweni, babake alikuwa na minazi. Ameniomba tangu Desemba, na sikusema, kwanza kwa sababu Ami aliugua, kisha kwa sababu sikujua mtu anaingiaje na habari ya harusi kwa mtu aliye edani. Basi. Uchi wangu ndio huo.

Sasa lako. Nilipopata barua yako ya pili niliitoa ile ya kwanza nikaziweka pamoja kitandani. Paka kuhema, inaonekana. Udenda unaonekana, na miguu kupishana. Lakini uliandika kwamba kichwa kilimwanga kama kilichokazwa kamba. Uliandika masikio yalivuma na mbele yake vimulimuli. Nyale ametibu wanyama miaka mingi, anasema hajapata kukutana na paka aliyemwambia anaona vimulimuli. Hapo hakucheka.

Uliandika "akakutwa", hukusema nani alimkuta. Moshi wa ubani ulikujia ukiwa umekaa kitako ukutani, wewe ambaye wageni wakija hukai chini kwa maumivu ya magoti yako. Na barua ya pili, Zumari alilia ndani ya banda, halafu ukaandika "tukatoka". Tukatoka, Shangazi. Wewe na nani?

Umeniuliza kwa nini Zumari anarudi kule kunakotaka kumuua. Sihitaji daktari kulijibu hilo. Anakufuata wewe.

Sijui unafanya nini mle ndani na sikuulizi kwa ubaya. Lakini sasa ni mwezi wa saumu, hunywi maji kutwa, na banda lile halina dirisha. Naogopa. Naogopa hata mbele ya wanafunzi nasahau ninachoandika ubaoni. Mwaka huu nimeshazika aliyenilea mmoja. Iko methali ya mficha maradhi. Imalizie mwenyewe, mimi sithubutu.

Barua ijayo usiniambie habari za paka. Niambie za kwako.

Intisar wako


Timbwani
24 Machi 2024

Mwanangu Intisar,

Marahaba, na Ramadhani njema nawe. Umesema nisikuambie habari za paka. Haya.

Ni mimi niliyekuwamo. Kila adhuhuri, Mwanakombo akilala na wageni wakipungua, huufungua mlango, nikaingia, nikatia komeo kwa ndani. Zumari hujipenyeza miguuni mwangu kabla sijafunga. Siku ile kichwa kilianza kuwanga, nikasema nitatoka sasa hivi, na hiyo sasa hivi ikanipita. Nilizindukana kwa kilio cha Zumari usoni mwangu. Selpher naye alikisikia, akawa yuwagonga mabati kwa ngumi. Nilijikokota hadi kwenye komeo. Akatumwagia maji ya mfereji, mwanangu, sote wawili, kisha akakimbilia barafu kwake. Hapo ndipo Mwanakombo alipoamka akamkuta paka, na mie nimekaa ukutani nimelowa, nikasema nimejimwagia nikimwosha paka. Selpher nikamwapisha kwa Biblia yake.

Wataka kujua nafanya nini mle. Sifanyi kitu. Wajua kwamba masikio yangu yalianza kwenda ungali mdogo. Ndani ya nyumba Habib alilazimika kunikaribia akapaza sauti, na nikimwona amechoka nami naumia. Lakini bandani, feni tatu zikivuma, hata yeye alikuwa hasikii. Akitaka bisibisi alinyosha mkono, nami nampa. Hapakuwa na kiziwi na mzima, tulikuwa sawa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikienda kukaa kule, wewe wafanya hesabu zako mlangoni, watu wakidhani nampelekea chai.

Huku ndani kila mtu yuwaniambia maneno nisiyoyasikia kuhusu mume wangu. Kule hakuna anisemeshaye.

Na utauliza, kwa nini basi usiwashe feni, ukakaa kwa baridi? Kwa sababu feni zinavuma, mwanangu. Mimi sizisikii ila watu wanazisikia. Wangekuja. Mwanakombo angekuja na wageni wake, wakanitoa kwa mikono ya huruma kama mtoto aliyechezea jiko. Kwa hivyo nilifunga mlango, nikazima kila kitu, nikamkalisha na paka wa watu ndani ya tanuri. Haya, ndiyo habari zangu. Nililia nilipoandika hapo, nawe utaona wino.

Sasa sikiliza ya huyo mtu wako. Alifika Alhamisi alasiri. Mie siwezi kutoka mbele ya mwanamume wa kando, nikamtazama kwa upenyo wa pazia. Alivua viatu mbali, jambo ambalo Mwanakombo alilipenda. Akaitoa barua kwa mikono miwili. Kisha hakukaa. Alienda uani, akatia kiganja kwenye mabati ya banda, akakitoa upesi kama aliyeshika sufuria. Akamtazama Zumari, akamfunua fizi, na Zumari, yule mchoyo wa mwili wake, akakubali. Halafu akaokota boksi la feni, akaandika kwa makaa herufi kubwa kama za duka, akalisimamisha nje ya pazia: SHANGAZI, NIPE RUHUSA NIKATE DIRISHA.

Nilikaa na lile boksi muda. Banda lile Habib alilijenga kwa mkono wake, hakuna ubati ambao hakuugongomea mwenyewe. Mwisho nikachukua kalamu nikaandika kwa nyuma, nikalipitisha chini ya pazia: MAWILI, UPEPO UTOKE.

Wameyakata yeye na Chengo kabla ya maghribi. Alikaa akangoja adhana, akafuturu kwa tende zetu na maji, kisha akala viazi vya nazi vya Mwanakombo, akaongezwa, hakukataa. Hilo nalo limeandikwa kwenye daftari la Mwanakombo lililomo kichwani mwake.

Jana adhuhuri nilimwambia Mwanakombo mbele ya wageni kwamba naenda bandani kwa mume wangu. Hivyo hivyo. Nikaenda polepole, wote wakinitazama. Nikaacha mlango wazi na madirisha wazi, nikawasha feni mbili zilizo nzima. Ya tatu iko mezani, Habib aliiacha imefunuliwa, haijatiwa panga zake. Nikaweka kiganja kwenye chuma nikausikia mvumo wake mkononi. Zumari akaja akajibwaga mbele ya upepo, miguu juu, aibu hana.

Nilingoja waje kunitoa. Alikuja Mwanakombo peke yake, na kigoda chake. Akakaa. Akafumbua mdomo aniambie neno, akaona feni zinavuma na yeye mwenyewe hajisikii, akaufumba. Tulikaa hivyo hadi alasiri. Ni kaka yake, Intisar. Na mie miezi yote hii nilimfanya mgeni.

Mwambie babako habari ya Nyale. Mimi nimeshakubali, lakini mimi ni shangazi tu. Eda yangu yaisha mwezi wa tano. Aje wakati huo, aje na wazee wake, na akija aje na bisibisi ya nyota, ile feni ya tatu imenishinda.

Namalizia kwa kuvunja amri yako. Paka hajambo. Anasimama, anakula, ukimwona utasema amepona. Na mie nasimama, na futari nala. Lakini wewe mwenyewe uliniandikia kwamba haya mambo hujificha ndani. Basi tuangalie kwa siku kadhaa, sote wawili.

Shangazi yako akupendaye,
Mishi binti Jaffar